Hesabu Midomo Kwanza: Namna ya Kucheza Evolution Bila Kufa Njaa

Mara ya kwanza nilipocheza Evolution, mchezo wa mezani wa karata ambamo unafuga wanyama na kuwalisha, nilikuwa na mnyama niliyempenda. Idadi yake ilikuwa 6, juu kabisa ya kibao, na mgongoni nilikuwa nimemvika Gamba Gumu. Hapakuwa na mla nyama mezani wa kumgusa. Pembeni yake nilikuwa na mwingine wa idadi 4. Nikaegemea kiti, mikono kifuani, namtazama shemeji yangu akihangaika kutafuta wa kumrarua.

Nimeruka hatua moja. Kabla ya kula, tulifunua karata za bwawani, zile ambazo namba zake zikijumlishwa ndizo chakula cha meza nzima. Yangu ilikuwa 3. Ya mke wangu 3. Ya shemeji hasi 1. Ya binti yetu, ambaye ndiyo kwanza alikuwa ametimiza ile miaka 12 inayotajwa kwenye boksi, hasi 2. Jumla yake ni matonge matatu kwa meza nzima. Binti akachukua moja, mama yake moja, mimi moja, bwawa likakauka. Mnyama wangu wa 6 akabaki 1. Yule wa 4 akatoweka kabisa. Hakuna wangu aliyeguswa na jino.

"Baba, kwani hukuhesabu?" binti akaniuliza.

Sikuwa nimehesabu. Tangu siku hiyo, yeyote ninayemfundisha mchezo huu naanza naye bwawani, hata kabla sijamwonyesha karata moja yenye picha ya mnyama.

Kwanza mchezo wenyewe. Evolution ilitolewa na North Star Games ya Marekani mwaka 2014. Waliobuni ni Dominic Crapuchettes, Dmitry Knorre na Sergey Machin. Hao wawili wa mwisho walikuwa wametoa toleo la awali la mchezo huu Urusi mwaka 2010, na Knorre ni mwanabiolojia, jambo linaloonekana ukicheza: kila kinga ina wa kuivunja, na kila ushindi una njaa nyuma yake. Wanacheza watu 2 hadi 6, saa moja hivi. Ndani ya boksi mna karata 129, vibao vya spishi (yaani aina za wanyama), matonge ya chakula, vifuko vya kufichia unachokula, na ubao mdogo wa katikati ambao sisi tunauita bwawa. Karata zimeandikwa Kiingereza, lakini kwetu tumezibatiza majina yetu, na picha zake ziko wazi, hutapotea.

Kila kibao cha spishi kina mistari miwili ya namba, 1 hadi 6. Mmoja ni ukubwa wa mwili, mwingine ni idadi, yaani wako wangapi. Ukubwa ni ngao na ni silaha. Idadi ni midomo. Shika hilo: kila unapopandisha idadi, umeongeza mdomo wa kulishwa.

Raundi ina hatua nne. Unagawiwa karata 3, pamoja na 1 kwa kila spishi uliyonayo. Kila mtu anaweka karata moja bwawani, kifudifudi. Kisha mnacheza karata kwa zamu, kuanzia mwenye alama ya kuanza. Mwisho mnakula.

Uzuri ni kwamba karata moja ina kazi nyingi. Unaweza kuilaza juu ya spishi iwe sifa yake: pembe, gamba, shingo. Unaweza kuitupa upate spishi mpya, inayoanza na ukubwa 1 na idadi 1. Unaweza kuitupa upandishe ukubwa kwa 1, au idadi kwa 1. Na kwenye kona yake kuna namba ya chakula, inayohesabiwa tu ukiiweka bwawani. Spishi moja inabeba sifa 3, au 2 mkiwa wawili tu mezani. Sifa mpya zinalazwa kifudifudi na kufunuliwa kwa pamoja wote mkishamaliza, ila ukubwa na idadi vinaonekana papo hapo. Nitarudi kwenye hilo, maana ndipo watu wanapovuliwa nguo.

Wakati wa kula, mnazunguka: kila zamu unalisha spishi moja yenye njaa, tonge moja. Wala nyama hawaruhusiwi kugusa bwawa, wao wanavamia. Chakula kikiisha, kila spishi inashusha idadi yake hadi ilingane na matonge iliyokula. Iliyokula 2 inabaki 2. Iliyokula sifuri imetoweka, nawe unapewa karata sawa na sifa zilizokuwa juu yake, kama rambirambi. Matonge yote yaliyoliwa yanaingia kwenye kifuko chako, na hizo ndizo pointi.

Sasa bwawa.

Angalia mpangilio wa hatua: unaweka karata ya bwawani kabla ya watu kupandisha idadi. Kwa hiyo hujui midomo itakuwa mingapi. Lakini unaweza kukisia, na kukisia kwenyewe ni hesabu ya darasa la pili. Zungusha macho mezani, jumlisha idadi ya spishi zote zisizo za wala nyama. Toa mdomo mmoja kwa kila mwenye Shingo Ndefu, maana kila mmoja wao anapata tonge lake moja kutoka akiba ya mchezo kabla ya zamu za kula kuanza, halitoki bwawani. Toa pia matonge yaliyobaki bwawani kutoka raundi iliyopita. Sasa jiulize swali moja tu: upungufu ukija, nani ataumia kuliko mimi?

Ukiwa na midomo mitatu na jirani ana kumi, njaa ni rafiki yako. Weka hasi. Ukiwa wewe ndiye mwenye kumi, usitegemee huruma ya mtu. Weka karata yenye namba kubwa kuliko zote ulizoshika, hata kama ni sifa uliyokuwa ukiililia tangu mwanzo. Hapa ndipo wageni wanaposhindwa. Wanashika Gamba Gumu lenye namba 3 na lingine lenye namba hasi, wanaweka la hasi bwawani kwa sababu "zote ni gamba, nitabaki na mojawapo", bila kuangalia namba ya kona. Karata mbili za sifa moja zinaweza kuwa na namba tofauti kabisa. Soma kona kwanza, picha baadaye.

Kuna kitu kingine. Sura za watu. Aliyeweka chakula kingi bwawani hupandisha idadi bila woga katika hatua inayofuata. Aliyeweka hasi hupandisha ukubwa, au huanzisha spishi, au hulaza sifa kifudifudi na kutazama dari. Shemeji yangu anapoanza kupiga mluzi najua bwawa limeshaingizwa mkosi, nami natumia karata zangu kwa kinga badala ya midomo. Mwenye kucheza mwisho katika raundi ana faida hii yote: ameona kila mtu amepandisha nini kabla hajagusa karata yake. Mwenye kuanza ana faida nyingine, anakula kwanza. Zamu ya kuanza inahama kila raundi, kwa hiyo ukijua raundi hii unakula mwisho, usifuge midomo mingi.

Raundi ya kwanza haihitaji falsafa. Una karata 4: moja ya bwawani, tatu mkononi. Moja kati ya hizo tatu itupe upate spishi ya pili. Itakurudishia karata moja kila raundi hadi mwisho, na hiyo ni biashara isiyo na hasara. Mbili zilizobaki, moja iwe kinga na moja iwe idadi au ukubwa, kulingana na ulichoshika. Spishi ya tatu raundi ya pili au ya tatu. Ya nne kama meza ni ya amani. Zaidi ya hapo utaanza kufuga watoto usioweza kuwalisha.

Kinga nitaeleza zile tu ninazoziamini.

Mla nyama ili avamie lazima ukubwa wake uzidi wa anayevamiwa. Wa 4 anamla wa 3, hamli wa 4. Gamba Gumu linamwongezea mwenye gamba ukubwa wa kinga. Karata yangu inasema 3, nawe soma yako. Kwa hiyo mnyama wa ukubwa 3 mwenye gamba anahesabika 6, na kwa kuwa hakuna kibao kinachozidi 6, anayetaka kumla lazima awe na Mawindo ya Kundi, sifa inayomruhusu mvamizi kujumlisha idadi yake na ukubwa wake. Ndiyo maana gamba juu ya mnyama wa ukubwa 1 ni kupoteza karata, lakini juu ya wa 3 ni ukuta.

Pembe hazizuii kuliwa. Zinampunguzia mvamizi idadi 1. Nazipenda kwa sababu zinamfanya mtu afikiri mara mbili, na mtu akifikiri mara mbili anamla jirani.

Mlio wa Tahadhari ndio unaoeleweka vibaya kuliko zote. Haumlindi mwenye nao. Unawalinda walio kushoto na kulia kwake. Ukiwa na spishi mbili zilizopakana na zote zina Mlio, kila moja inamlinda mwenzake, na hapo anayeweza kuingia ni mwenye sifa ya Kuvizia tu. Ukiwa na mmoja tu, umewalinda majirani na kumwacha mlinzi uchi. Nimeona mtu akibishana nusu saa juu ya hili. Kwa sababu hiyo pia fikiria unapoweka spishi mpya: inaingia mwisho wa mstari, kushoto au kulia, haipenyezwi katikati. Ukikosea upande, umekosea hadi mwisho wa mchezo.

Na sasa mbinu ninayojivunia, ambayo binti yangu ameshaniibia. Kuna sifa ya Shimo: mnyama mwenye nayo havamiwi akishakula hadi kutosheka, yaani matonge yake yakilingana na idadi yake. Wengi huidharau kwa sababu mla nyama huwahi kuvamia kabla mnyama hajashiba. Lakini mvishe Shimo na Shingo Ndefu mnyama wa idadi 1. Shingo inampa tonge lake, ameshiba kabla mtu yeyote hajapata zamu ya kula. Ameingia shimoni. Ongeza Uchumaji, sifa inayompa mnyama tonge moja la ziada kila anapokula mimea kutoka pale pale alipochukua, na sasa Shingo inamletea mawili. Idadi 2, matonge 2, ameshiba, bwawa hajaligusa, meno hayamfikii. Karata tatu za sifa, moja ya kupandisha idadi, imekwisha. Hatakuletea pointi nyingi kwa raundi, lakini atakuletea kila raundi, na wewe unaweza kuweka hasi bwawani kwa moyo mweupe.

Ushirikiano ni tamu kwa aina nyingine. Mwenye nao akichukua tonge, jirani yake wa kulia anachukua moja pia kutoka mahali hapo hapo. Panga watatu, wawili wa kushoto wana Ushirikiano, na zamu yako moja inalisha watatu huku wenzako wanalisha mmoja mmoja. Meza ikiwa na upungufu, kasi ndiyo inayoamua. Kumbuka tu kwamba mnyororo unakatika kwa aliyeshiba: asiyechukua hampi wa kulia kwake chochote. Kwa hiyo wa katikati awe na idadi ya kutosha, la sivyo anaziba bomba.

Tuje kwa wala nyama, maana najua ndio uliokuja kuwasoma.

Shemeji yangu kila mchezo raundi ya kwanza analaza karata ya mla nyama na kupandisha ukubwa hadi 2. Raundi hiyo anashiba, maana sote tuna vitoto vya ukubwa 1, na cha idadi 1 kikivamiwa kimekwenda. Raundi ya pili sote tumepandisha ukubwa. Raundi ya tatu tuna magamba na milio. Raundi ya nne mla nyama wake anazunguka meza nzima akinusa, hakuna wa kumla isipokuwa wa kwake mwenyewe. Simba mwenda pole ndiye mla nyama, wahenga walisema, na sijui mchezo mwingine ambao methali hii inafanya kazi waziwazi namna hii.

Fanya hivi. Raundi ya kwanza na ya pili pandisha ukubwa wa spishi moja taratibu, 2, 3, 4. Mezani itaonekana kama kinga, na kweli ni kinga. Kila mtu atafurahi kwamba hakuna mla nyama na ataweka karata zake kwenye midomo. Ukiona meza imenenepa na haina magamba, raundi hiyo laza karata ya mla nyama kifudifudi. Itafunuliwa wakati wenzako wameshamaliza kucheza zao, na hakuna wa kujikinga tena hadi raundi ijayo.

Anavyokula ni hivi: akifanikiwa, anayevamiwa anapungua idadi 1, na mla nyama anapata matonge sawa na ukubwa wa mwili wa aliyevamiwa, kutoka akiba. Ukubwa wa mwili tu. Gamba halina nyama. Ukimvamia wa 3 unapata 3 kwa zamu moja, wakati mla majani anachukua moja. Ila hawezi kula zaidi ya idadi yake. Mla nyama wa idadi 1 anayemrarua mnyama wa ukubwa 5 amekula 1 na kumwaga 4. Kwa hiyo mla nyama mzuri ana idadi 3 au 4 siku anapofunuliwa, siyo 1. Na kama mezani kuna Mla Mizoga, ujue kila uvamizi wako unampa yeye tonge moja bure. Kwa karata hiyo mke wangu ametushinda mara nyingi kuliko ninavyopenda kusema, amekaa kimya pembeni ya vita vya watu.

Meza ikishavaa magamba, badili. Sifa ya mla nyama inaweza kufunikwa na karata nyingine, na mnyama wako mkubwa anarudi kula majani kama vile hakufanya kitu. Hapa ndipo ninapogombana na biolojia ya mchezo, kwa ufupi tu: katika maumbile hakuna spishi inayokaa kikao na kuamua raundi ijayo iwe na shingo ndefu. Mabadiliko yanazuka kwa bahati, mazingira yanachuja. Lakini mchezo wa kusubiri bahati mbaya za vizazi elfu kumi ungechosha, na sehemu ya kuchujwa wameipatia sawasawa.

Kuhusu mwisho. Rundo la karata likiisha mnachanganya zilizotupwa, mnamaliza raundi hiyo, basi. Sisi tukiwa wanne huwa ni raundi ya sita hivi, kwa hiyo kuanzia ya nne anza kutazama unene wa rundo wakati wa kugawa. Pointi zinatoka sehemu tatu: kila tonge kifukoni 1, kila idadi ya spishi iliyo hai 1, kila karata ya sifa juu ya spishi iliyo hai 1. Ukubwa wa mwili haulipwi kitu. Karata za mkononi hazilipwi kitu.

Kwa hiyo raundi ya mwisho usibaki na karata hata moja. Karata iliyopandisha idadi, mnyama akalishwa, inalipa 2: tonge na idadi. Iliyolazwa kama sifa inalipa 1, lakini ya uhakika, mradi mwenye nayo asife. Kwa hiyo hesabu midomo tena. Ukiona bwawa litatosha, mimina idadi. Ukiwa na wasiwasi, jaza nafasi za sifa, hata sifa ya kipuuzi. Mnyama wangu wa mwisho wiki iliyopita alikuwa na Kuvizia, na hakuwa mla nyama. Alikuwa akimvizia nani, shemeji alitaka kujua. Nilimwambia asubiri tumwage vifuko. Nilimpita kwa pointi moja.